Kuhoji, kudodosa, kusaili, kudadisi: kipi kinafaa wapi

Chukua sentensi moja yenye pengo: "Meneja alim... mlinzi kuhusu mzigo uliopotea." Jaza "alimhoji", na msomaji anaona meza katikati, karatasi ya maelezo, na mlinzi anayejua kuwa kila atakachosema kina uzito. Jaza "alimdodosa", na picha inageuka: meneja kamfuata mlinzi kibandani, wanapiga soga, swali hapa, swali pale, mpaka jambo linatoka lenyewe. Ukijaza "alimdadisi", meneja anakuwa mtu mwenye hamu ya kujua, labda kupita kiasi. Na "alimsaili"? Mtanzania atauliza kwani mlinzi anaomba kazi. Mkenya hatashtuka sana, maana kwake huenda ni "alimuuliza" tu, ila kwa Kiswahili cha kupamba.

Vitenzi hivi vinne hukaa karibu kiasi kwamba ni rahisi kukieleza kimoja kwa kingine, na waandishi wengi huvibadilisha ili tu wasirudie neno. Hapo ndipo habari inapopinda bila mwandishi kujua.

Wengi hudhani tofauti iko kwenye ukali wa maswali: kuuliza ni laini, kudadisi kumezidi kidogo, kuhoji ni kukali, na kudodosa ni kukali kupita vyote. Ngazi hiyo haisimami. Mtu anaweza kuhojiwa kwa upole wote akatoka anacheka, na mwingine akadodoswa na shangazi yake mpaka jasho limtoke. Maswali mawili yanasaidia zaidi. Anayeuliza ana haki gani ya kujibiwa? Na jibu linatoka kwa mkupuo au kwa vipande?

Tuanze na kuhoji, kwa kuwa ndicho kinachotumika kupita kiasi.

Kuhoji ni ndugu wa hoja. Asili yake ni Kiarabu, na undugu huo bado unafanya kazi kila siku. Anayehoji anadai sababu, anataka msingi wa jambo uwekwe wazi. Ndiyo maana si lazima ahojiwe mtu. Wananchi huhoji uamuzi, huhoji uhalali wa mkataba, huhoji matumizi ya fedha. Jaribu kuandika "wananchi wamedodosa uamuzi wa halmashauri" uone sentensi inavyoanguka. Uamuzi hauna mdomo wa kutolea siri.

Bungeni Tanzania, Spika anapomaliza mjadala huwaambia wabunge kuwa sasa atawahoji, kisha wanaoafiki wanasema ndiyo na wasioafiki siyo. Kumbukumbu rasmi zinaandika "Hoja ilitolewa iamuliwe", na chini yake "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Hapo hakuna kupekenyua siri ya mtu yeyote. Kuna hoja, na kuna watu wanaotakiwa kusema wazi wako upande gani.

Magazeti yamezaa matumizi mengine: "Kwa nini fedha hazijafika mpaka leo?" alihoji mbunge huyo. Kitenzi kimekaa pazuri, kwa sababu mbunge hataki kutajiwa tarehe. Anashutumu kwa umbo la swali. Lakini mbunge huyohuyo akisema "Mradi utaanza lini?" na kweli anataka kujua lini, mwandishi aandike "aliuliza". Ukiandika "alihoji" kwa kila alama ya kuuliza, unamfanya kila mtu aonekane mgomvi.

Na kuna kuhoji kwa dola. "Jeshi la Polisi linamshikilia mtu mmoja kwa mahojiano" ni sentensi tunayoisikia kila wiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, imeweka saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Huwezi kuziita saa 4 za kumdodosa, hata kama ndicho mpelelezi anachofanya ndani ya chumba. Sheria inataja shughuli rasmi inayofanywa na mwenye mamlaka, na mhusika anajua kuwa inafanyika. Ukiwa na mamlaka, muda na kumbukumbu ya maandishi, chagua kuhoji.

Tatizo la kuhoji ni kwamba kinabeba watu wawili wasiofanana. Msanii aliyekwenda redioni kutangaza wimbo kahojiwa. Msanii aliyepelekwa kituoni kwa kumjeruhi mtu naye kahojiwa. Wote wawili walikuwa kwenye mahojiano. Kichwa cha habari "Msanii ahojiwa kwa saa tatu" hakikuambii kama jioni alirudi nyumbani. Dawa ni kumtaja anayehoji palepale: "ahojiwa na Polisi". Kwa yule wa redioni, "afanya mahojiano" inatosha, kwa kuwa kauli ya kutenda inamrudishia hiari yake.

Sasa kudodosa, ambacho kwangu ndicho kitenzi chenye utajiri kuliko vyote vinne.

Mtoto karudi shuleni kanuna. Mama akimuuliza "Nani kakupiga?" atajibiwa "Hakuna", na mlango umefungwa. Kwa hiyo anaanzia mbali.

"Leo mlicheza nini, mwanangu?"

"Mpira."

"Ulikuwa timu moja na nani?"

"Na Juma. Na Hamisi."

"Na Baraka je?"

"Baraka sichezi naye tena."

"Ee? Tangu lini?"

Hapo kafika. Hakuna swali hata moja lililogusa jambo lenyewe, na kila jibu lilikuwa dogo kiasi kwamba halikumtisha mtoa jibu. Mtoto hajui kuwa ametoa kitu. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyokielewa kudodosa: kumchota mtu kidogo kidogo kwa ujanja, mpaka atoe asichokusudia kutoa.

Lakini ukikiangalia kitenzi hiki mahakamani, ujanja wa kujificha unapungua na kitu kingine kinabaki. Katika habari za kesi nchini Tanzania, shahidi kwanza hutoa ushahidi "akiongozwa na wakili" wa upande uliomleta. Kisha wakili wa upande wa pili husimama na maswali ya dodoso. Baada yake upande wa kwanza hurudi kuweka sawa yaliyoyumbishwa. Tangu Kiswahili kilipofanywa kisheria kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, istilahi hizi zimetoka kwenye daftari za waandishi na kuingia kwenye kazi yenyewe, na inafaa kuzishika vizuri. Dodoso la mahakamani linasikika hivi:

"Shahidi, ni sahihi kwamba ulifika pale saa mbili usiku?"

"Ni sahihi."

"Na taa za nje zilikuwa zimezimika?"

"Ndiyo. Umeme ulikuwa umekatika."

"Wewe ulisimama umbali gani kutoka getini?"

"Kama hatua ishirini."

"Na ukaiona rangi ya shati?"

Shahidi huyu anajua vizuri kuwa anadodoswa. Kala kiapo, wakili yuko mbele yake, hakimu anaandika. Hakuna aliyemvizia. Ila ufundi ni uleule wa mama: wakili hasemi "unadanganya", anachukua jibu moja dogo lisilokanika, halafu lingine, halafu lingine, mpaka shahidi anajikuta kwenye kona aliyojijengea mwenyewe. Tofauti ni kwamba mama hakujua jibu la mwisho, na wakili mzuri alikuwa nalo tangu asubuhi.

Kisha nenda kwenye sensa. Tanzania ilipohesabu watu tarehe 23 Agosti 2022, maswali aliyokuja nayo karani yaliitwa dodoso. Jina, jinsia, umri, elimu, uhusiano na mkuu wa kaya. Hakuna mtego, na hakuna kona ya kumbania mkuu wa kaya. Hata hivyo neno halikukosewa. Taarifa ya kaya nzima haiwezi kutolewa kwa mkupuo, inabidi ichotwe kipande baada ya kipande kwa mpangilio uliofikiriwa kabla.

Kwa hiyo siri si kiini cha kudodosa. Ujanja nao si kiini, ingawa katika mazungumzo ya kawaida huja pamoja nacho. Kiini ni vipande. Mama, wakili na karani wa sensa hawafanani kwa nia wala kwa mamlaka, ila wote watatu wanakusanya jambo kubwa kwa maswali madogo. Ukiwa na hilo kichwani, huwezi tena kuandika "alimdodosa kwa swali moja". Swali moja halidodosi.

Tuviweke sasa kuhoji na kudodosa uso kwa uso, maana ndivyo vinavyogongana zaidi. Kwanza, ukihoji unaweza kutaja wazi unachotaka. Ukidodosa kwa kawaida unakizunguka. Pili, kinachohojiwa chaweza kuwa mtu au jambo, kinachododoswa ni mtu, au habari zilizo kwa mtu. Tatu, tazama kauli: watu wawili wanaweza kuhojiana kwa maana ya kubishana au kuzungumza rasmi, na mtu anaweza kujihoji nafsi yake. "Kujidodosa" kunakwama mdomoni, kwa sababu ni vigumu kumzunguka mtu ambaye ni wewe. Na nne, ambalo waandishi wa hadithi hulisahau: kuhoji humpa nguvu anayeuliza tangu mwanzo, wakati kudodosa mara nyingi ni silaha ya asiye na nguvu. Mtumishi humdodosa bosi. Mke humdodosa mume aliyechelewa kurudi. Wote hawawezi kuamuru jibu, basi wanalichota.

Kwa hiyo ukitafuta neno moja la maswali yanayopenya, yanayorudi nyuma kukagua jibu lililotangulia, chagua kudodosa. Wanaotumia "kuhoji kwa kina" wanasema jambo jingine: kwamba mahojiano yalikuwa marefu na yenye uzito. Urefu si lazima upenye. Na hakuna ubaya kuvitumia vyote pamoja: "alihojiwa na Polisi, na katika kudodoswa akajichanganya kuhusu tarehe." Hapo kila kitenzi kina kazi yake, cha kwanza kinataja tukio, cha pili kinataja ufundi.

Tahadhari ndogo kuhusu matamshi na vidole: dodosa si dondosa. "Wakili alimdondosa shahidi" maana yake alimwangusha, na mawakili wanaweza kukasirika au kufurahi, kutegemea ni upande gani.

Kusaili kinahitaji maneno machache, ila mpaka wa nchi unahusika. Ni wa ukoo mmoja na swali na suala, na kwa asili ni kuuliza tu. Tanzania kimejifunga kwenye ajira. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza majina, watu "wanaitwa kwenye usaili" na waombaji wanaitwa wasailiwa. Usaili huo una hatua, kuna wa mchujo ambao mara nyingi ni wa kuandika, kuna wa vitendo kwa kada zinazohitaji, na kuna wa mahojiano. Angalia hilo la mwisho: usaili wa mahojiano. Maana yake usaili ni mchakato mzima wa kumpima mtu na kumweka kwenye safu na wenzake, na mahojiano ni sehemu moja ya mchakato. Anayesema "nilifanya mahojiano ya kazi" akiwa Nairobi yuko sawa kabisa, ndivyo wengi wanavyosema. Akisema hivyo Dodoma ataeleweka, ila tangazo la kazi halitaandikwa hivyo.

Kwa upande mwingine, Mkenya aliyefunzwa kuandika insha ataandika "Kulikoni?" alisaili, au alijisaili moyoni, na hana habari na ajira. Ni matumizi mazuri na yana mizizi. Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, kiepuke kusaili kwa maana ya kuuliza, utawapotezea Watanzania sekunde mbili za kusoma wakijiuliza kazi imeingiaje.

Kudadisi ndicho pekee kati ya vinne ambacho siku zote hakina haki ya kujibiwa. Nguvu yake ni hamu ya anayeuliza, basi. Kwa hiyo thamani yake inabadilika kulingana na anayedadisiwa. Mwanafunzi mdadisi anasifiwa na mwalimu wake, na jirani mdadisi anafungiwa dirisha. Mwanasayansi hudadisi maumbile, na hapo kitenzi kinang'aa, maana maumbile hayawezi kukuambia "hayakuhusu". Binadamu anaweza, na akisema hivyo huna pa kukata rufaa.

Ukitaka kukemea udadisi, lugha ina maneno yenye meno zaidi. Kuna kuulizauliza, ambako kurudia kitenzi kunaonyesha mtu asiyejua anachotafuta ila hataki kuondoka. Kuna udaku, uliotupatia magazeti ya udaku, yaani kuchungulia maisha ya watu ili kuyatangaza. Mwandishi akiandika "mdadisi" akiwa na maana ya mdaku, anamsamehe mtu mapema mno. Akigeuza, anamtukana mtu aliyetaka tu kuelewa.

Kuna vitenzi vingine vitatu ambavyo huingizwa kwenye kundi hili na havimo, na kipimo chake ni chepesi: je, kinahitaji mdomo wa kujibu? Kuchunguza hakuhitaji. Maiti huchunguzwa, damu huchunguzwa, hesabu za ofisi huchunguzwa, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuhojiwa. Kupekua ni kwa mikono na macho: begi, nyumba, makabati. Kupeleleza ni kufuatilia, mara nyingi bila mhusika kujua, na mahakamani ndilo neno la kazi yote ya kukusanya ushahidi. Ndiyo maana kesi huahirishwa kwa kuwa "upelelezi bado haujakamilika", hata kama mshtakiwa alishahojiwa siku ya kwanza. Mahojiano ni kipande cha upelelezi. Kuandika "Polisi wamemaliza kumhoji" ukiwa na maana kuwa wamemaliza upelelezi ni kutoa habari ambayo hakuna aliyeitoa.

Vipi kuhusu ukali? Ukitaka kusema kwamba mtu aliulizwa mpaka akakosa pa kushika, hakuna kati ya vinne kinachobeba hilo peke yake. Tumia kubana: "wabunge walimbana waziri", "alibanwa kwa maswali". Lina nguvu, ni safi, linafaa hata taarifa ya habari. Kuweka mtu kitimoto nako kunaeleweka Tanzania nzima na kunapendwa na wahariri, ila kumbuka kuwa mitaani kitimoto ni nyama ya nguruwe. "Waziri aliwa kitimoto na wabunge" ni kichwa cha habari ambacho hakuna mhariri anayetaka kukieleza kesho yake.

Ukali wa aina nyingine haupaswi kabisa kuvikwa vazi la kuhoji. Mtu akipigwa ili akubali kosa, "alihojiwa usiku kucha" ni lugha ya aliyempiga. Sheria yenyewe inataka ungamo litolewe kwa hiari, na kosa la kutumia nguvu linaanza kufichika pale mwandishi anapochagua kitenzi cha heshima. Kama kuna madai ya kipigo, andika "anadai alipigwa akitakiwa kukiri". Ni maneno mengi zaidi, na yote yanahitajika.

Limebaki la wanafunzi wa vyuo, ambao kila mwaka hukwama kwenye sura ya mbinu za utafiti. Karatasi ya maswali unayowagawia watu waijaze: hojaji au dodoso? Yote mawili yanakubalika. Shule za Kenya hufundisha hojaji, pamoja na hojaji funge na hojaji wazi, na wanazuoni wengi wa Tanzania nao hutumia hojaji. Dodoso lina nguvu kwenye taasisi za takwimu na tafiti za kaya. Ningechagua hojaji kwa karatasi ambayo mhojiwa anaijaza mwenyewe, na dodoso kwa orodha ambayo mtafiti anaisoma na kuijaza yeye akiwa mbele ya mtu, kwa kuwa hapo kweli kuna anayechota na anayechotwa. Si kanuni iliyoandikwa popote, lakini inaondoa mkanganyiko katika tasnifu inayotumia zana zote mbili.

Ukikaa na mtu mmoja mkazungumza kwa kina, tasnifu za Tanzania huita mbinu hiyo usaili au mahojiano. Mahojiano ni salama zaidi, hakuna msimamizi atakayekuuliza ulikuwa unaajiri nani. Na angalia ngeli: dodoso hili, madodoso haya, hojaji hii, hojaji hizi. Anayeuliza ni mhojaji, anayeulizwa ni mhojiwa, na "hojaji" si mtu, ingawa nimeshaona aliyeandika kwamba hojaji alifika kwa kuchelewa.